Anayepimwa na Anayepima: Utafiti wa Maradhi katika Skuli za Pemba

Mtaa wa Madungu umo katika mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, na mwendo wa kutoka hapo mpaka Wawi si mwendo wa kumchosha kijana. Madungu ina skuli yake ya sekondari. Wawi ina Maabara ya Afya ya Jamii iitwayo kwa jina la Mtaliana, Ivo de Carneri, na habari zitokazo katika maabara hiyo husomwa Geneva, London na Basel. Kwa hiyo mtoto wa Chake Chake hukua karibu sana na utafiti wa maradhi, pengine karibu kuliko watoto wengi wa miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki. Lakini ukaribu una namna zake. Samaki yu karibu na mshipi, na mvuvi naye yu karibu nao.

Watu wazima wengi wa kisiwa hicho waliosoma baada ya mwaka 1986 walikutana na utafiti kwa njia ya kikombe kidogo. Mtoto aliitwa jina lake, akapewa kikombe, akaenda nyuma ya skuli, akarudi nacho. Mkojo wake ulitiwa karatasi ya kupimia, au ulichujwa ukatazamwa chini ya hadubini. Naye akapewa vidonge ikiwa vyahitajiwa, akarudi darasani. Jinsi mtoto huyo alivyoanza kuwa kitu cha kupimwa, na jinsi ilivyowezekana polepole awe mtu wa kupima, ni historia ambayo haijaandikwa sana, kwa sababu walioandika habari za kichocho waliandika kichocho, wala hawakumwandika mtoto.

Kabla ya hapo elimu ya viumbe ilikuwa imekwisha kufika Zanzibar, nayo ilikuja kwa sura ya bwana mkusanyaji. Katika miaka ya 1910 na 1920 Serikali ya Zanzibar ilikuwa na bingwa wake wa elimu ya viumbe, Dk. W. Mansfield-Aders, na kumbukumbu yake imekaa katika jina la kitaalamu la paa nunga, Cephalophus adersi, ambalo mnyama huyo alipewa mwaka 1918. Wawindaji wa Unguja walikuwa wakimjua paa nunga na njia zake za msituni tangu zamani. Baadaye mtawala mmoja wa Kiingereza, R. H. W. Pakenham, aliandika habari za bundi mdogo wa Pemba, na mwaka 1937 bundi huyo akaingia vitabuni kwa jina la Otus pembaensis. Mabwana hawa hawana la kulaumiwa kwa kazi yao, kwani waliifanya vizuri. Bali yapasa kuangalia desturi waliyoiacha: mwenyeji huonyesha, mgeni huandika. Aliyeonyesha hakufundishwa kuandika, wala hakuambiwa kilichoandikwa, na jina lake si rahisi kuonekana popote. Desturi hiyo iliishi kuliko dola iliyoileta.

Kichocho kina umri mkubwa kuliko dola zote. Theodor Bilharz alimwona mnyoo wake Cairo mwaka 1851, lakini ilimbidi dunia ingoje mpaka 1915, alipokuja Robert Leiper huko huko Misri, ndipo ilipojulikana kwa hakika kwamba mnyoo huyo hawezi kuishi bila ya konokono. Yai hutoka na mkojo; likifika maji baridi hupasuka, kikatoka kidudu cha kumtafuta konokono; ndani ya konokono kidudu hujizidisha kwa maelfu; kisha hutoka vidudu vingine vyenye mkia, vikamtoboa ngozi yule mtoto anayeoga au kufua mtoni. Konokono wa Pemba anayefanya kazi hiyo huitwa Bulinus globosus. Anaye nduguye, Bulinus nasutus, anayefanana naye kwa gamba hata mtu aliyezoea akadanganyika, naye katika visiwa hivi hahesabiwi kuwa mbebaji. Wataalamu wa Makumbusho ya London, miongoni mwao David Rollinson na Russell Stothard, iliwabidi wazitazame chembe za urithi za konokono hawa ili wawatenge, na hapo ndipo ilipofahamika vizuri kwa nini kusini ya Unguja, ambako ndugu huyo ndiye aliyetawala, kichocho hakienei.

Jambo la konokono wawili lastahili kukumbukwa, kwani kijana wa sekondari hawezi kupewa somo bora kuliko hilo. Viumbe viwili vyafanana kwa macho, na tofauti yao ndiyo inayoamua ni mtoto gani atakojoa damu.

Mwaka 1986 ilianza Pemba programu ya kupambana na kichocho, chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar na kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Waliokuwa mbele kwa upande wa utaalamu ni Kenneth Mott na daktari wa Kitaliana Lorenzo Savioli. Fikira yao ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio ukubwa wake. Watoto wa skuli ndio wabebao mayai kwa wingi. Watoto hao hukusanyika mahali pamoja kila siku. Na damu iliyomo katika mkojo, hata isiyoonekana kwa macho, hugeuza rangi ya karatasi ya kupimia kwa muda wa dakika moja. Basi skuli yenye watoto wengi wa namna hiyo ndiyo inayoonyesha kijiji chenye hatari, bila ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na bila ya kupeleka hadubini kila kijiji. Dawa ya prazikwanteli ilikuwa imepatikana, nayo hunywewa mara moja. Kwa nchi isiyokuwa na fedha nyingi, hii ilikuwa neema.

Lakini katika mpango huo mtoto alikuwa bado ni kikombe. Hatua ya pili ilitoka bara, wilaya ya Kilosa, katika utafiti ulioongozwa na Christian Lengeler na wenzake wa Uswisi na Tanzania, na kutangazwa mwaka 1991. Wao waliwaachia walimu wawaulize watoto. Karatasi ya maswali ilitaja maradhi na dalili nyingi, na kichocho kimefichwa katikati yao, ili mtoto asijue ni lipi linalotafutwa. Majibu yalipolinganishwa na vipimo, ilionekana kwamba skuli ambazo watoto walisema wana kichocho ndizo hasa zilizokuwa nacho. Neno la mtoto likawa kipimo. Njia hiyo ikajaribiwa baadaye katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, ikakubaliwa.

Hapo kuna jambo ambalo wataalamu walilipita upesi. Ikiwa mtoto ajua maradhi yake vizuri kiasi cha kuaminiwa na takwimu, basi ana elimu. Na mwenye elimu aweza kuulizwa zaidi ya ndiyo na la. Aweza kuulizwa ni mto gani, ni msimu gani, ni nani waogao saa sita na nani waogao jioni. Swali la saa si la mchezo, kwa maana vidudu vya kichocho hutoka kwa konokono zaidi wakati wa jua kali, na mtoto aogaye mchana ndiye anayekutana navyo.

Miaka ya 1990 Pemba ikawa mahali mashuhuri katika elimu ya minyoo. Rebecca Stoltzfus na wenzake, wakifanya kazi pamoja na Hababu Chwaya wa Wizara ya Afya na Marco Albonico, waliwapima watoto wa skuli zaidi ya 3,500, na mwaka 1997 wakatangaza kwamba katika kila sehemu 100 za upungufu mkali wa damu, sehemu 73 zaweza kuhesabiwa kuwa zimeletwa na safura. Wazee wa pwani walikuwa wakimwita mtu mweupe wa viganja na mvimbe wa uso kuwa ana safura, na sasa hesabu ikawapa haki. Halafu ikaja habari iliyokuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Ikiwa watoto wana upungufu wa chuma, basi wapewe chuma. Ndivyo akili inavyosema. Sunil Sazawal na wenzake waliwaandikisha Pemba watoto 24,076, wenye umri wa mwezi 1 mpaka 35, katika jaribio la kuwapa chuma na dawa nyingine. Mwezi wa Agosti 2003 kamati ya usimamizi ikasimamisha utoaji wa chuma, kwani waliopewa walikuwa katika hatari zaidi, kwa kiasi cha 12 katika 100, ya kufa au kulazwa hospitali. Katika nchi yenye homa ya malaria nyingi, chuma kwa mtoto asiyekihitaji chaweza kumletea madhara. Na waliokuwa kweli na upungufu, tena wakitazamwa vizuri kwa malaria, walionekana kunufaika. Habari hizi zilipotoka mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake.

Ni vigumu kupata katika Afrika ya Mashariki mfano mkubwa zaidi wa maana ya jaribio. Nia ilikuwa njema, dawa ilikuwa ya kawaida, na ukweli ukakataa. Tena ukweli huo ulipatikana kwa watoto wa kisiwa hicho hicho ambacho wanafunzi wake wa sekondari husoma sura ya damu na sura ya malaria katika vitabu vya biolojia. Mwalimu anayefundisha sura hizo mbili Pemba bila ya kutaja Agosti 2003 huwanyima wanafunzi wake urithi wao.

Ivo de Carneri alizaliwa mwaka 1927 na kufariki 1993. Alikuwa profesa wa elimu ya vimelea katika Chuo Kikuu cha Pavia, na fikira ya kuwa na maabara ya kudumu Pemba ilikuwa yake. Yeye hakuiona. Mfuko wenye jina lake uliundwa Milan mwaka 1994, na maabara ikafunguliwa Wawi mwezi wa Juni 2000, kwa mapatano na Wizara ya Afya ya Zanzibar. Tofauti ya jengo hilo na misafara ya zamani haiko katika mawe. Iko katika kwamba wafanyakazi wake ni wenyeji, na kwamba majina ya Kipemba, kama Shaali Ame na Said Ali, yakaanza kuonekana juu ya makala yenyewe, katika safu ya waandishi, badala ya kushukuriwa mwisho kwa mstari mmoja. Desturi ya mwenyeji kuonyesha na mgeni kuandika hapo ikapata ufa.

Mtu akitaka kujua jinsi ufundi huo unavyopita kutoka mkono hadi mkono, na atazame kipimo cha Kato-Katz, ambacho asili yake ni Japani mwaka 1954 na kutengenezwa upya Brazili mwaka 1972. Choo husukumwa kupitia wavu mwembamba, hujazwa katika tundu la kibao kidogo lichukualo miligramu 41.7, kisha hufunikwa kwa karatasi ng'avu iliyolowekwa katika dawa ya kijani. Msomaji huhesabu mayai yote, akazidisha kwa 24, akapata mayai katika gramu moja. Hesabu ya mtoto wa darasa la tano! Lakini ugumu uko katika macho na katika saa. Mayai ya safura yana ganda jembamba. Dawa huyang'arisha mpaka yakatoweka, na kioo kilichosomwa baada ya saa moja chaweza kusema hakuna safura, na mgonjwa anayo. Kwa sababu hiyo mwanagenzi hufundishwa kwanza kuyatafuta ya safura, ndipo ahesabu ya chango ambayo hayana haraka. Na katika tafiti nyingi kioo kimoja katika kila kumi husomwa tena na mtu wa pili asiyejua jibu la wa kwanza. Wakihitilafiana, kioo husomwa tena. Hapo ndipo mwalimu wa utafiti anapofanya kazi yake hasa: kukaa karibu na kijana aliyeona mayai 14, wakati mwenzake aliona 31, na kutafuta pamoja naye kilichotokea bila ya kumwaibisha.

Mwaka 2012 dawa mpya ya kuchanganya, oksanteli na albendazoli, ilijaribiwa kwa watoto wa skuli mbili za Pemba, Wawi na Al-Sadik, na Benjamin Speich na Jennifer Keiser wa Uswisi pamoja na wenzao wa maabara. Walitafuta tiba ya yule mnyoo mwembamba mfano wa mjeledi, ambaye dawa za kawaida hazimtikisi. Albendazoli peke yake iliwaponya watoto 2.6 katika 100, mebendazoli, 11.8; mchanganyiko, 31.2. Kwa maneno mengine, dawa iliyokuwa ikigawiwa skulini mwaka hadi mwaka ilikuwa karibu haifanyi kitu kwa mnyoo huyo. Takwimu hizi zilichapishwa mwaka 2014 katika jarida kubwa la madaktari la Marekani. Zingeweza kuandikwa kwa chaki ubaoni Madungu kwa dakika mbili, na kijana wa kidato cha tatu akaulizwa: je, kuponya ndiko kupimwe, au kupungua kwa mayai? Maana katika mchanganyiko huo mayai yalipungua kwa 96 katika 100, ijapokuwa wengi hawakupona kabisa. Wataalamu wenyewe hubishana juu ya swali hilo.

Mtu aweza kusema kwamba watoto wa Pemba hawakuachwa gizani, na atakuwa na haki. Kitabu kidogo cha picha, Juma na Kichocho, kiligawiwa katika skuli za Zanzibar, na athari yake ikapimwa Unguja. Katika mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho, uliofanywa katika shehia 90 za Unguja na Pemba tangu 2012 mpaka 2017, theluthi moja ya shehia ziliwekewa mafunzo: walimu walitumia njia mpya za kufundisha, ilibuniwa michezo ya kuwaweka watoto mbali na mito, vilijengwa vyoo vya kukojolea na mahali pa kufulia, na zikafanywa siku za kichocho. Mengi ya hayo yalibuniwa kwa kushauriana na wenyeji. Theluthi nyingine waliuawa konokono kwa dawa, na ya tatu walipewa vidonge tu, ambavyo wote walivipata. Matokeo, yaliyotangazwa 2019, yalikuwa ya kunyenyekeza: maradhi yalipungua kila mahali, wala hayo mawili ya ziada hayakuonekana dhahiri kushinda vidonge peke yake.

Hata hivyo kumfundisha mtoto asiingie mtoni ni jambo moja, na kumfundisha aulize kwa nini kijiji kimoja kimepona na cha jirani hakijapona ni jambo jingine. La kwanza lahitaji kitabu cha picha. La pili lahitaji mtu.

Mfano mashuhuri wa mtu huyo nchini Tanzania haumo katika biolojia. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Magamba, Erasto Mpemba (ambaye licha ya jina lake alikuwa mtu wa bara), aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyatia kwenye barafu yakiwa moto yaliganda kabla ya yale ya wenzake yaliyopozwa. Mwalimu alimwambia amekosea, na wenzake wakamcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lake Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wakacheka tena. Osborne hakuliamini jambo hilo, lakini hakulitupa. Aliporudi alimwagiza fundi wake alijaribu, na fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba watarudia mpaka lipatikane jibu lililo sawa. Mwaka 1969 mwalimu na mwanafunzi walitia majina yao katika makala moja. Wataalamu wangali wakishindana kama jambo lenyewe ni kweli. Mwaka 2016 Burridge na Linden walilipinga kwa vipimo vyao. Ushindani huo haupunguzi alilolifanya Osborne, maana yeye hakumthibitishia Mpemba kwamba ana haki. Alimthibitishia kwamba swali lake lapimika.

Katika elimu ya maradhi, pwani hii hii imetoa mfano wa karibu zaidi. Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha taasisi ya Kenya na mfuko wa Wellcome kilianza kazi mwaka 1989, wataalamu walifanya mpango wa kwenda maskulini na kuwapokea wanafunzi maabara, kisha wakaongeza mpango wa kuwachukua vijana waliomaliza sekondari wakae na watafiti kwa miezi kadhaa, kila mmoja na msimamizi wake. Na Tanzania, tangu 2011, chama cha wanasayansi chipukizi kilichoanzishwa na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, kwa kufuata maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965, kimewapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kuchagua swali lao wenyewe na kulileta Dar es Salaam likahukumiwa.

Kwa maradhi kuna uangalifu ambao maji ya moto hayauhitaji. Mkojo wa mtoto mwingine ni siri yake, na mwanafunzi hawezi kupewa usomaji wa vioo vya wanafunzi wenzake wa mtaani kana kwamba ni vya watu asiowajua. Hata konokono si kitu cha kuokotwa kwa mkono mtupu, kwani maji anamokaa ndiyo yenye hatari. Mtaalamu ampokeaye kijana humfundisha viatu vya mpira na glavu kabla ya hadubini, na idhini ya mzazi kabla ya vyote viwili. Wako watakaoona hayo kuwa ni vizuizi. Kwa kweli hayo ndiyo nusu ya somo, na ndiyo nusu ambayo yule aliyepimwa zamani hakuelezwa.

Wakati huohuo maradhi yenyewe yanakimbia. Kuanzia 2020 mpaka 2024 wataalamu wa Wawi na wa Basel walifanya kaskazini ya Pemba mradi wa kuvitafuta vijiji vichache vilivyobaki na kichocho, kwa kuwa sehemu nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa na kidogo mno. Kijana wa Madungu akienda kujifunza kusoma kioo, yamkini atakaa na vioo vingi vitupu kabla ya kuliona yai moja la kichocho, refu kidogo, lenye mwiba wake mdogo kwenye ncha; na mwalimu wake itambidi amfundishe, kabla ya kulitambua yai, namna ya kujua kwamba kioo kitupu kimesomwa chote.